Mazoea Yaliyopita: Historia ya Kiambishi -ng- katika Kiswahili cha Nairobi

Antonio de Nebrija, katika sarufi yake ya Kihispania ya mwaka 1492, alitenga njeo moja aliyoiita wakati uliopita usiokamilika. Njeo hiyo hueleza tendo lililokuwa likiendelea au lililokuwa desturi zamani. Kanuni yake ni nyepesi: vitenzi vya -ar hupata -aba, na vya -er na -ir hupata -ía. Hivyo hablar (kusema) huwa hablaba, na comer (kula) huwa comía. Vitenzi vitatu tu, yaani ser, ir na ver, ndivyo vinavyoikiuka.

Kiswahili Sanifu kina njia nyingine. Kiambishi hu- huonyesha mazoea, lakini hakikai pamoja na -li- katika neno moja. Kwa hiyo msemaji hutumia vitenzi viwili: alikuwa akisema. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliiteua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa usanifishaji, Kamati ya Lugha ikaundwa mwaka 1930, na sarufi ya E. O. Ashton ya 1944 ikaueleza muundo huo kwa walimu na wanafunzi.

Pale Mowlem, mtaa wa Eastlands ulio jirani na Umoja na Dandora, mtu mzima akisimulia utoto wake husema: nilikuwanga nacheza hapa. Darasani tungo hiyo husahihishwa kuwa nilikuwa nikicheza hapa, na mara nyingi mwanafunzi huambiwa kwamba ameiharibu lugha.

Historia haikubaliani na hukumu hiyo. Wataalamu wa lugha za Kibantu wamekwisha kuonyesha kwamba kiambishi tamati -ag- au -ang-, chenye maana ya tendo la kurudiwarudiwa, ni cha kale sana. Kimo katika Kikuyu (athomaga, yaani yeye husoma), na katika lugha za Kiluhya huonekana kwa sura ya -anga. Tangu reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, wasemaji wa lugha hizo walihamia mjini kutafuta kazi, wakajaa katika mitaa kama Pumwani na Kaloleni. Walijifunza Kiswahili mbali na pwani, na desturi ya kuyatia mazoea mwishoni mwa kitenzi wakaja nayo.

Tena kiambishi hicho kina kazi maalumu. Hablaba na alikuwa akisema zote zina maana mbili: tendo la wakati ule mmoja, au tendo la kila siku. Msemaji wa Mowlem huzitenganisha: nilikuwa nacheza ni wakati ule, nilikuwanga nacheza ni desturi.

Mtihani utaendelea kudai muundo sanifu, na ni wajibu wa mwalimu kuufundisha. Lakini inafaa aufundishe kama lahaja ya pili kwa mtoto mwenye sarufi kamili, wala si kama dawa ya kosa.