Mkono wa Baba na Hatua ya Saba

Katika familia za Kihindu za Nakuru, kuanzia katikati ya mji hadi Section 58, bado kuna wanaoshikilia kwamba baba asipomtoa binti yake kwa mkono wake mwenyewe, hakuna ndoa. Ni mazoea yenye nguvu. Lakini sheria ya Kenya haikuwahi kusema hivyo, na maandishi yake yamepuuzwa mno.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Watu wa Gujarat na Punjab wakaja na desturi zao, hii ikiwemo. Hayo yanajulikana.

Tendo lenyewe la kumtoa binti, kanyadan, linagusa moyo. Wazazi hufunga siku hiyo. Mbele ya pandit, yaani kuhani, baba huuweka mkono wa kulia wa binti juu ya mkono wa bwana harusi, na mama humimina maji yatiririke juu ya mikono hiyo. Kijana huahidi kutomwacha mkewe nyuma katika dini, mali wala mapenzi. Hakuna mahari: vitabu vya kale vya sheria, kama kile cha Manu, vilisifu kumtoa binti aliyepambwa bila kupokea chochote, vikalaani kumuuza. Kwa majirani Wakikuyu na Wakalenjin, ambao kwao mifugo huelekea kwa wazazi wa bibi harusi, jambo hili ni geni kabisa.

Hata hivyo Manu huyohuyo aliorodhesha ndoa za aina nane, na mojawapo, gandharva, ni ya wawili waliopendana bila kutolewa na mtu. Wanaodai kwamba kutolewa ndiko msingi wa kila ndoa ya Kihindu huuruka ukurasa huo.

Sheria ya Ndoa na Talaka ya Wahindu ya mwaka 1960, iliyofuata mfano wa sheria ya India ya 1955, haikuuruka ukweli huo. Iliruhusu ndoa ifungwe kwa desturi za upande wowote kati ya pande mbili. Na pale desturi hizo zilipokuwa na saptapadi, yaani hatua saba za bwana na bibi harusi pamoja mbele ya moto mtakatifu, ndoa ilikamilika hatua ya saba ilipokanyagwa. Mkono wa baba haukutajwa. Waliotembea ndio waliofunga ndoa. Sheria ya Ndoa ya 2014 ilipochukua nafasi yake, ilitaka ridhaa ya wote wawili na umri usiopungua miaka 18.

India nayo imelijadili suala hili. Mwaka 2021 tangazo la mavazi la mwigizaji Alia Bhatt lilihoji kwa nini binti atolewe, likazua hasira kubwa kuliko hoja. Machi 2024 Mahakama Kuu ya Allahabad ikatamka wazi kwamba kanyadan si sharti la ndoa. Huko Kolkata, kuhani Nandini Bhowmik huozesha bila tendo hilo kabisa.

Baba anayetaka kuushika mkono wa mwanawe siku hiyo anastahili heshima yote. Kisichovumilika ni mjane aliyemlea binti peke yake kuambiwa akae pembeni, aitwe baba mdogo aje kumtoa. Pandit anayemkubali mama huyo asimame mwenyewe hajavunja sheria yoyote ya Kenya, wala ya 1960 wala ya 2014.