Joto la Ushirika: Vijiji vya Denmark Baada ya 1973

Nchi za Kiarabu zilipopunguza mauzo ya mafuta mnamo Oktoba 1973, Denmark ilikuwa ikitegemea mafuta ya kigeni kwa takriban asilimia 90 ya nishati yake. Kuanzia Novemba, magari ya binafsi yalipigwa marufuku barabarani siku za Jumapili. Kwa msomaji wa Mombasa au Tanga, nyumba isiyopashwa joto si balaa. Kule, baridi huua.

Sheria ya mwaka 1979 iliziagiza halmashauri zipange namna ya kupasha joto makazi. Njia iliyoenea ni hii: maji hupashwa katika mtambo mmoja, husafiri kwa mabomba yaliyofukiwa ardhini, huiachia kila nyumba joto lake, kisha hurudi kupashwa upya. Vijijini, mitambo mingi huchoma mabua ya ngano au vipande vya mbao.

Lakini bomba ni la nani? Aliyekwisha kuunganishwa hana duka la pili la kununulia joto. Mwenye bomba akiwa na tamaa, kijiji kizima kimo mkononi mwake. Wadenmark walikuwa na jibu la zamani. Mwaka 1882, wafugaji wa Hjedding walianzisha kiwanda cha maziwa cha ushirika, na katika vyama vya namna hiyo kura zilihesabiwa kwa vichwa vya watu, si vya ng'ombe. Mitambo mingi ya joto vijijini ikafuata mkondo huo: watumiaji ndio wenye mali, na sheria hairuhusu faida. Ziada ikipatikana, bei hushushwa.

Sifa hizi zina doa. Halmashauri zilipewa uwezo wa kuzilazimisha nyumba ziunganishwe, na anayeikumbuka Tanzania ya vijiji vya Ujamaa atashtuka kidogo. Tofauti ni kwamba mwanachama wa Denmark aliweza kuing'oa bodi katika mkutano mkuu.

Mji mdogo wa Marstal, katika kisiwa cha Ærø, ulikwenda mbali zaidi. Ushirika wake ulianza kuvuna joto la jua kwa wingi mwaka 1996. Kufikia 2012 ulikuwa na vipokezi vya zaidi ya mita za mraba 33,000, pamoja na shimo lililofunikwa lenye maji mita za ujazo 75,000. Humo, joto la kiangazi huwekwa akiba hadi baridi irudi.