Kunguru wa Mji wa Kale na Jirani Zake

Kunguru unayemwona juu ya mapaa haya ya Mji wa Kale, Mombasa, si mwenyeji. Shingo yake ya kijivu ndiyo alama: asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, na kufikia 1947 alikwisha onekana Mombasa. Hula mayai na makinda ya ndege wadogo, na hiyo ni hasara kubwa kwa kisiwa hiki. Kunguru wetu wa asili ana kifua cheupe na ukanda mweupe shingoni. Ukimwona, mwangalie vizuri, maana mgeni amemsukuma mbali. Mwewe anayezunguka juu ya bandari utamjua kwa mkia wenye panda.

Maji ya bahari yakipwa, nenda kwenye mikoko ya hori la Tudor. Kaa mdogo anayepunga gando moja kubwa ni dume: anamwita jike, tena anamtisha mpinzani. Jike ana magando mawili madogo. Karibu nao, samaki wenye macho juu ya kichwa hurukaruka matopeni, wakipumua kupitia ngozi iliyolowa. Simama mbali kidogo. Kivuli chako kikiwafikia kaa, wote wataingia mashimoni.