Sarafina! Jukwaani na Kwenye Filamu: Watazamaji, Mwaka na Lugha

Tamthiliya ya muziki inapogeuzwa filamu, watazamaji hulinganisha: kipi kimeachwa, kipi kimeongezwa, nani aliimba vizuri zaidi. Wahakiki wengi huyapuuza maoni ya aina hiyo kwa kuyaona kuwa ya kishabiki. Makala hii inayachukulia kuwa ushahidi wa kihistoria. Inaichunguza Sarafina! ya Mbongeni Ngema, iliyoanza kuoneshwa katika ukumbi wa Market Theatre, Johannesburg, mwezi Juni 1987, ikawa filamu iliyoongozwa na Darrell James Roodt mwaka 1992. Hoja ninayoitetea ni kwamba waliosifu na waliolaumu hawakuwa wakibishana juu ya kazi moja. Kila kundi liliijibu Sarafina! ya mwaka wake. Sisi wa Afrika Mashariki, ambao wengi wetu tunaijua filamu peke yake, tuliipokea ya mwisho tukaidhania kuwa ya kwanza, na kosa hilo limeingia hadi katika mijadala yetu ya lugha.

Tuanze na jukwaa. Tarehe 12 Juni 1986 serikali ya makaburu ilitangaza hali ya hatari nchi nzima. Askari walikuwa mitaani na hata kwenye maeneo ya shule. Maelfu ya watu, wakiwamo watoto, waliwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Katika mazingira hayo Ngema, aliyekwisha kujulikana kwa Woza Albert! na aliyepata malezi yake ya kisanaa kwa Gibson Kente, alikusanya vijana kutoka vitongoji vya Waafrika akawafunza kuimba, kucheza na kuigiza. Hugh Masekela, aliyekuwa bado uhamishoni, alishirikiana naye katika muziki. Hadithi yenyewe si ndefu. Wanafunzi wa shule ya Morris Isaacson, Soweto, wanaandaa onyesho la mwisho wa mwaka, na msichana Sarafina anachagua kuigiza siku ambayo Nelson Mandela atatoka gerezani.

Ni muhimu kulitambua neno “atatoka”. Mwaka 1987 Mandela alikuwa mfungwa kwa mwaka wa 25. Maneno yake hayakuruhusiwa kunukuliwa nchini mwake, wala picha yake kuchapishwa. Msichana aliyevaa mavazi ya Mandela mbele ya hadhira ya Johannesburg hakuwa akisimulia tukio. Alikuwa akilitangulia. Waliokuwa ukumbini walikuwa na jamaa zao vizuizini, na walizijua nyimbo za namna hiyo kutoka mazishini na mikutanoni. Kwao mpaka kati ya onyesho na mkutano ulikuwa mwembamba sana. Kuuliza kama walilipenda onyesho kwa maana ya kawaida ya kupenda ni kuuliza swali lisilowahusu.

Mwezi Oktoba mwaka huohuo tamthiliya ilipelekwa Lincoln Center, New York, na kuanzia Januari 1988 ikahamia ukumbi wa Cort, Broadway, ambako ilioneshwa mara 597 hadi Julai 1989. Hadhira ilikuwa nyingine kabisa. Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya vikwazo dhidi ya Afrika Kusini mwaka 1986, na kununua tiketi ya Sarafina! kulikuwa pia namna ya kuonesha msimamo. Sifa zilikwenda kwa vijana na kwa muziki wao wa mbaqanga. Leleti Khumalo, aliyekuwa Sarafina, alipendekezwa kuwania tuzo ya Tony. Lawama zilikwenda kwa hadithi. Ilionekana nyepesi, isiyo na mgogoro unaokua wala mhusika anayebadilika. Lawama hiyo inatufundisha zaidi kuhusu aliyelaumu kuliko kuhusu kilicholaumiwa. Johannesburg hakuna aliyehitaji kusimuliwa mgogoro, kwa kuwa ulikuwa ukimsubiri nje ya mlango. Hadhira ya New York ilitaka uwekwe jukwaani, vinginevyo haukuwapo.

Filamu ilifanya hasa kile ambacho lawama hiyo ilidai. William Nicholson aliandika mswada pamoja na Ngema, na hadithi ikapata uti wa mgongo wa aina inayozoeleka sinema. Mwalimu wa jukwaani, aliyejulikana kwa jina la utani la Mistress It’s a Pity, akawa Mary Masombuka, mwalimu wa historia anayefundisha nje ya muhtasari uliowekwa na serikali, anakamatwa na kufia mikononi mwa polisi. Askari Sabela, nafasi iliyoigizwa na Ngema mwenyewe, anachomwa moto na wanafunzi. Sarafina anafungwa na kuteswa. Akitoka anakwenda kwa mama yake, mtumishi wa nyumbani kwa Wazungu, ambaye hapo awali alimwonea aibu kwa unyenyekevu wake.

Watazamaji waligawanyika hapohapo. Malalamiko yaliyojirudia kwa wahakiki wa Magharibi ni kwamba ngoma na mateso havikai pamoja: dakika moja wanafunzi wanacheza uwanjani kwa furaha, dakika nyingine mtoto anapigwa risasi. Jibu jepesi, nililowahi kulitoa mimi mwenyewe darasani, ni kwamba Mwafrika huimba hata msibani, na kwamba mhakiki wa Kizungu hakuelewa. Sasa naliona jibu hilo kuwa la uvivu. Jukwaani kuimba na kufa vilikaa pamoja bila tatizo, tena mbele ya Wazungu walewale. Kilichobadilika ni kamera. Jukwaa la Ngema lilikuwa na uzio wa waya na kundi la vijana, na mtazamaji alikubali tangu mwanzo kwamba kila kitu ni ishara. Filamu ilipigwa Soweto yenyewe, penye vumbi la kweli na nyumba za kweli. Katika mazingira hayo wimbo unapoanza bila chanzo, mtazamaji analazimika kuamua kama anaona ndoto ya Sarafina au jambo linalotokea. Filamu inajitahidi kumsaidia kwa kuzifanya baadhi ya nyimbo kuwa njozi za msichana, lakini haifanyi hivyo kwa nyimbo zote. Kwa hiyo mgongano uliolalamikiwa upo. Sababu yake ni ya kifani wala si ya kabila la mtazamaji.

Kamera ilifanya jambo la pili. Jukwaani mhusika mkuu alikuwa kundi. Sarafina alikuwa sauti iliyotoka kundini na kurudi humo. Filamu inapenda uso. Uso wa Khumalo, tena uso mzuri wa kuutazama, ulichukua nafasi ya kundi, na hatia ya kuuawa kwa Sabela, ambayo ni ya wote, ikawa jambo la dhamiri ya mtu mmoja. Wapo watazamaji wanaoiona sehemu hii kuwa kilele cha filamu kwa sababu haiwafanyi wanafunzi malaika. Nakubaliana nao. Naongeza tu kwamba uamuzi wa kumfanya Sarafina aitupe bunduki majini kuelekea mwisho ni uamuzi wa mwaka 1992, wakati mazungumzo yakiendelea na damu ikimwagika Boipatong mwezi Juni na Bisho mwezi Septemba. Mwaka 1987 hadhira ya Johannesburg isingeelewa kwa nini aitupe.

Uteuzi wa Whoopi Goldberg kuwa Mary Masombuka nao ulizua maneno. Wapo waliouliza kwa nini mwalimu wa Soweto aigizwe na Mmarekani, na wapo waliojibu kwamba bila jina lake filamu isingefika mbali. Pande zote mbili zilikuwa na haki. Mimi hunigusa zaidi uteuzi ambao haukuzua ubishi, ule wa Miriam Makeba kuwa mama. Mwanamke aliyeishi uhamishoni kwa takribani miaka 30, aliyeimba mbele ya marais, alirudi kwao mwaka 1990 na nafasi aliyopewa katika filamu ni ya mtumishi wa ndani anayepiga deki nyumba ya watu. Wimbo wa Sarafina kwa mama huyo uliondolewa katika filamu ya mwaka 1992. Watazamaji waliuona katika toleo la mwaka 2006, lililotolewa Afrika Kusini kwa kumbukumbu ya miaka 30 ya maandamano ya Soweto.

Kwetu Afrika Mashariki hakuna jukwaa la kulinganisha nalo. Sarafina! ilitufikia kwa kanda za video, ikatazamwa kwenye mabanda na sebuleni kwa wenye deki, baadaye kwenye televisheni. Hata hivyo hadhira ya Tanzania haikuwa ngeni kwa jambo lenyewe. Vijana waliokimbia Soweto baada ya mwaka 1976 walipewa ardhi Mazimbu, Morogoro, ambako chama cha ANC kilianzisha shule mwaka 1978 na baadaye kuipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Mwezi Julai 1992 shule hiyo ilikabidhiwa rasmi kwa serikali ya Tanzania kwa kuwa wenyewe walikuwa wanarudi kwao, na miezi miwili baadaye filamu ilianza kuoneshwa katika majumba ya sinema Marekani. Hivyo Watanzania waliagana na watoto wa Soweto waliokuwa majirani zao, kisha wakawapokea tena kama picha. Tusisahau pia kwamba tuni ya Enoch Sontonga, iliyoimbwa katika Sarafina! ya jukwaani, ndiyo tuni ya wimbo wetu wa taifa. Mtazamaji wa Dodoma asiyejua neno moja la Kizulu aliisikia akajikuta anataka kusimama.

Ukaribu huo ndio uliotupoteza. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umeichagua tarehe 16 Juni kuwa Siku ya Mtoto wa Afrika, ikaanza kuadhimishwa mwaka 1991. Filamu ilipofika mwaka uliofuata, siku na filamu vikashikamana. Muulize mtazamaji wa kwetu Sarafina! inahusu nini, atakujibu: mauaji ya Soweto ya mwaka 1976. Insha za wanafunzi wangu huitaja filamu kama chanzo cha tukio hilo. Lakini hali ya hatari inayotawala hadithi, askari wanaoingia shuleni na kuchomwa moto kwa wanaodhaniwa kuwa wasaliti ni mambo ya miaka ya 1984 hadi 1986. Jukwaani Sarafina alisimulia kuuawa kwa wakili Victoria Mxenge, aliyeuawa Agosti 1985. Ngema aliwaandika watoto wa miaka ya 80, waliolelewa na kumbukumbu ya mwaka 1976. Tunapoisoma filamu kama picha ya mwaka 1976, kizazi kizima cha wanafunzi waliozuiliwa na kuteswa miaka kumi baadaye kinafutika, na kifo cha Sabela kinakosa mahali pa kukaa.

Kosa hili lina sura ya pili, inayotuhusu moja kwa moja sisi wa taaluma ya Kiswahili. Katika mijadala ya lugha ya kufundishia, Soweto hutajwa mara kwa mara kama ushahidi kwamba wanafunzi wa Kiafrika walikufa wakidai lugha zao, na filamu hutajwa kuthibitisha. Amri ya mwaka 1974 ilitaka hisabati na maarifa ya jamii yafundishwe kwa Kiafrikana, sayansi na masomo ya vitendo kwa Kiingereza, na lugha za Kiafrika zibaki kwenye dini, muziki na mazoezi ya mwili. Wanafunzi walikikataa Kiafrikana. Hawakuomba kufundishwa hisabati kwa Kizulu au Kisotho. Tangu sheria ya elimu ya Kibantu ya mwaka 1953, lugha mama shuleni ilikuwa chombo cha kuwatenga Waafrika, na Kiingereza kilionekana kuwa mlango wa kutokea. Amri ilifutwa Julai 1976, na waliofaidika na kufutwa kwake walikuwa watetezi wa Kiingereza.

Kwa hiyo siwezi kuungana na wanaolaumu filamu kwa kuwasemesha wanafunzi wa Soweto Kiingereza. Mazungumzo ya tamthiliya yenyewe yalikuwa kwa kiasi kikubwa ya Kiingereza, na Kizulu kiliwekwa zaidi kwenye nyimbo. Mgawanyo huo wa kazi, Kiingereza kwa hoja na Kizulu kwa hisia, unafanana kwa namna ya kushtua na ule wa amri ya mwaka 1974 uliozipeleka lugha za Kiafrika kwenye muziki na dini. Sidai kwamba Ngema alikusudia. Alitaka asikike New York, na alisikika. Lakini mtetezi wa Kiswahili anayeitumia Sarafina! kama ushahidi wake anatumia kazi ambayo, kwa muundo wake, inamjibu vingine.

Mwaka fulani mwanafunzi wa shahada ya umahiri aliniuliza, baada ya kuitazama filamu darasani, kwa nini nyimbo hazikuwa na tafsiri chini ya picha. Tulirudisha nyuma, tukatazama tena. Alikuwa amezijua nyimbo hizo tangu kwaya ya shule ya msingi na angeweza kuziimba zote hadi mwisho. Siku ile ndipo alipotaka kujua maana yake, na darasa lote, mimi nikiwamo, hatukuwa na wa kumweleza.