Mpaka Ulioonekana Kutoka Angani

Msomaji, ukipita siku moja katika mashamba ya Meru au Embu, utaona safu za miti zikitenga shamba na shamba. Usidhani zilipandwa kwa ajili ya urembo. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa Swynnerton, na vishamba vilivyotawanyika huku na huko vikaanza kuunganishwa, kila mtu apate kipande kimoja. Wakulima walipanda ua mpakani ili uonekane katika picha zilizopigwa kutoka ndege. Na kwa picha hizo zikachorwa ramani za usajili. Sheria ya ardhi ya mwaka 1963 yenyewe ilikiri kwamba ramani hizo kwa kawaida zaonyesha mpaka kwa kukadiria tu.

Siku hizi mistari kama ile huingizwa katika kompyuta. Pembe ya shamba huwa nukta yenye tarakimu mbili. Nukta zikiunganishwa huwa mstari, na mstari ukijifunga huwa umbo la shamba. Faili zake huandamana: .shp hutunza umbo, .dbf hutunza namba ya kipande, na .prj hueleza kipimo kilichotumika. Maktaba ya programu kama GeoPandas huzisoma pamoja kwa amri moja.

Lakini tahadhari! Ikweta yapita kati ya mji wa Meru na mji wa Embu. Katika hesabu iitwayo UTM, upande wa kaskazini ikweta huhesabiwa kuwa mita sifuri, bali upande wa kusini huhesabiwa kuwa mita 10,000,000. Basi .prj ikipotea, kompyuta yaweza kuweka miji hiyo jirani mbali kwa karibu kilometa 10,000. Kosa hilo hutambulika upesi. Lililo dogo ndilo la kuogopwa: ramani nyingi za zamani za Kenya zilifuata kipimo cha Arc 1960, na simu zetu hufuata WGS 84. Ukivichanganya, shamba husogea kadiri ya mita 300, likaangukia kwa jirani. Na ugomvi wa mpaka hurithiwa na wajukuu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tumejifunza kwamba daftari nalo lataka kipimo. Kwa hiyo, kabla hujaiamini ramani yo yote, iulize kwanza: ulipimwa kwa kipimo gani?