Februari 12 na kilima kilichokosa nafasi ubaoni

Katika shule moja ya upili viungani mwa mji wa Voi kuna ubao mdogo karibu na ofisi ya walimu. Kila asubuhi mwanafunzi wa zamu huandika hapo, kwa chaki, mambo yaliyotokea ulimwenguni "siku kama ya leo". Nilialikwa huko Februari kuzungumza na chama cha Kiswahili, na nilipokuwa nikingoja kengele nikajisomea. Siku hiyo ilikuwa tarehe 12. Mwandishi wa zamu, kijana wa kidato cha tatu, alikuwa ameorodhesha mambo manne: kuzaliwa kwa Abraham Lincoln na Charles Darwin, wote wawili mwaka 1809, kuzaliwa kwa Bill Russell, mchezaji wa mpira wa kikapu, mwaka 1934, kung'atuka kwa Puyi, mfalme wa mwisho wa Uchina, mwaka 1912, na Zambia kutwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2012.

Orodha safi, haina kosa la tahajia. Nikamuuliza, "Wewe kwenu wapi?"

"Taveta, Mwalimu."

"Na ukija shule unapita wapi?"

"Si hii barabara ya Mwatate, Maktau, Mbuyuni..."

"Kabla ya Maktau, ukitoka tu Taveta, kuna kilima gani upande wa barabara?"

Akafikiri. "Salaita. Lakini hapo si hakuna kitu, Mwalimu?"

Nitakirejea kilima hicho. Kwanza niseme neno kuhusu Zambia, kwa sababu mechi ile niliitazama kwa macho yangu mjini Voi, katika kibanda cha video kilichojaa madereva wa malori, utingo, na jamaa ambao kesho yake walipaswa kuwa kazini alfajiri. Ilikuwa Jumapili. Fainali ilichezwa Libreville, Gabon, na kwetu ilianza saa nne na nusu za usiku. Ivory Coast walikuwa na majina makubwa. Drogba akapewa penalti kipindi cha pili, akaupaisha mpira juu ya mwamba. Dakika 120 zikaisha 0-0. Penalti zikapigwa hadi watu wakachoka kusimama, wakaketi, wakasimama tena, mpaka Stoppila Sunzu alipofunga ya mwisho na Zambia wakashinda 8-7.

Kilichotuliza zogo la kibanda kile hakikuwa ushindi wenyewe. Alikuwapo dereva mmoja wa makamo aliyetukumbusha kwamba usiku wa Aprili 27, 1993, ndege ya kijeshi iliyobeba timu ya taifa ya Zambia ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka Libreville hiyohiyo. Watu wote 30 waliokuwamo walikufa. Kalusha Bwalya alinusurika kwa kuwa alikuwa Ulaya akichezea klabu yake, na mwaka 2012 ndiye aliyekuwa rais wa shirikisho la soka la nchi hiyo. Kabla ya fainali wachezaji walikwenda ufuoni kuweka maua. Vijana wengi kibandani hawakuwa wakijua. Watu wakanyamaza kidogo, kisha mwenye kibanda akazima jenereta.

Sasa mpenzi msomaji, nilipotoka nje nikatazama saa: ilikuwa imepita saa saba. Yaani kwa kalenda ya ukutani, Sunzu alifunga Februari 12 kule Libreville, lakini sisi wa Voi tulimwona akifunga Februari 13. Na mzee wa Mvita angetucheka sisi sote. Kwa hesabu ya Waswahili siku huanza jua linapotua. Magharibi ikiadhiniwa Jumapili, usiku unaoingia ni usiku wa Jumatatu, ndiyo maana tunao msemo "usiku wa kuamkia". Kwake yeye mechi ile, tangu kipyenga cha kwanza, ilichezwa usiku wa Jumatatu. Hapo tukio moja lina siku mbili, kutegemea unamuuliza nani. Wanahabari wetu huandika "Jumapili usiku" wakidhani wamesema jambo moja tu. Nyanya zao wangeelewa jambo jingine kabisa, usiku wa jana yake.

Neno lenyewe "tarehe" lina kisa. Leo tunalitumia kwa maana ya nambari ya siku ndani ya mwezi. Lakini asili yake ya Kiarabu hubeba mambo mawili kwa pamoja, siku iliyoandikwa na historia yenyewe, na hata katika Kiswahili cha zamani tarehe ilikuwa pia habari za kale zilizowekwa kwa maandishi. "Historia" ni mgeni aliyekuja baadaye akachukua nusu ya nyumba. Kwa hiyo ukiambiwa jambo fulani halina tarehe, masikio ya kale yangesikia kwamba halina historia. Neno hilo lilinirudia mbele ya ubao wa kijana yule.

Chukua hizo siku za kuzaliwa. Lincoln alizaliwa katika kibanda cha magogo Kentucky, Darwin katika nyumba ya daktari huko Shrewsbury, Uingereza, na kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuandika, leo tunajua kwamba mtoto wa maskini na mtoto wa tajiri waliingia duniani siku moja ya mwaka mmoja. Wataita walihifadhi kuzaliwa kwa njia nyingine. Mwakio au Wakio ni aliyezaliwa usiku, kwa maana kio ni usiku. Mwanjala ana njaa ndani ya jina lake. Jina linakuambia saa, au hali ya nchi, lakini halikuambii ilikuwa tarehe ngapi. Serikali ilipokuja na vitambulisho, karani akauliza, "Mzee, ulizaliwa lini?" Mzee akajibu kwa uaminifu: ilikuwa usiku, kabla ya mvua, baada ya reli kufika Voi. Karani akaandika mwaka wa kukisia. Babu yangu mwenyewe alikuwa na kitambulisho cha namna hiyo. Sisi wajukuu tulitaka kumfanyia besidei, tukakosa siku ya kukata keki, tukaikata Krismasi.

Basi turudi Salaita.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka Agosti 1914, Wajerumani kutoka upande wa Moshi waliivamia Taveta mwezi huohuo wakaikalia. Walikaa hapo mwaka mmoja na nusu. Waingereza nao wakatandika reli kutoka Voi kuelekea magharibi, ikafika Maktau katikati ya 1915, ikasonga mbele. Reli hiyo ndiyo mama wa njia iliyokuja kuunganishwa na Moshi. Watu wa Mwatate na Bura waliozoea kusikia king'ora chake hawakufikiri kwamba ilizaliwa kwa ajili ya mizinga. Kambi ya mbele kabisa iliitwa Serengeti. Si ile ya nyumbu wa Tanzania, ni uwanda wa kwetu huku.

Asubuhi ya Jumamosi, Februari 12, 1916, jeshi la Waingereza la watu wapatao 6,000 likatoka kambini kukishambulia kilima. Wengi wa waliotangulia walikuwa vijana wa Afrika Kusini waliokuwa hawajamaliza hata mwezi mmoja nchini. Aliyewaongoza ni Brigedia Wilfrid Malleson. Mizinga ikapiga kilele cha kilima. Tatizo ni kwamba Wajerumani na askari wao Waafrika, chini ya Meja Georg Kraut, hawakuwa kileleni. Walikuwa wamechimba mahandaki chini, kwenye vichaka vya miiba. Makombora yalifukua mawe matupu, na askari wa Afrika Kusini walipokaribia wakakutana na bunduki za rashasha usawa wa magoti. Kufikia alasiri walikuwa wakirudi nyuma, wengine mbio. Zaidi ya mia moja kati yao waliuawa, wakajeruhiwa au wakapotea.

Waliowaokoa walikuwa askari wa Bara Hindi wa kikosi cha 130 cha Wabaluchi, wengi wao Waislamu, waliosimama imara wakawazuia waliokuwa wakiwafukuza. Hapa ndipo mwanalugha anapoketi wima. Wale Waafrika Kusini walikuwa na mazoea ya kuwaita Wahindi wote "makuli". Inasimuliwa kwamba Wabaluchi waliokota bunduki ya rashasha iliyotelekezwa na vijana wale, wakairudisha na kikaratasi cha adabu kilichoomba kwamba kuanzia sasa wasiitwe tena makuli. Neno hilo tunalo hata sisi: kuli ni mchukuzi wa bandarini, na Mombasa mtu huweza kulitamka bila tusi lolote. Ni neno lilelile. Hulitofautisha mdomo unaolitamka tu.

Na jina Salaita je? Ukipita huko utaambiwa, kwa kujiamini kabisa, kwamba linatokana na neno la Kiingereza la machinjo, eti kwa ajili ya damu iliyomwagika siku ile. Hadithi tamu, lakini haisimami. Amri za kijeshi za Waingereza zilikwisha kukiita kilima Salaita kabla ya Februari 12. Huwezi kuamriwa kwenda kushambulia mahali ambapo jina lake litatokana na kushindwa kwako. Wajerumani wenyewe walikiita Oldorobo, jina lenye sura ya Kimaasai. Wasomi huziita asili za namna hii asili za kimapokeo, na zimejaa kote nchini. Hata Voi yenyewe husemwa imetokana na Kivoi, yule mfanyabiashara Mkamba maarufu wa karne ya 19. Sizidharau. Watu hutunga asili ya jina pale wanapohisi kwamba jambo zito lilitokea na hakuna aliyewaeleza.

Kwa sababu jambo zito lilitokea kweli, na si kwa hao waliopigana tu. Katika makaburi ya kijeshi ya Taveta na Voi, nyasi hukatwa, mawe ni meupe, na kila jiwe lina jina, kikosi na tarehe. Yapo yaliyochongwa Februari 12, 1916. Kila risasi iliyofyatuliwa siku ile, kila gunia la unga na kila pipa la maji lilifika pale, baada ya reli kuishia, mabegani mwa wapagazi. Sheria ya mwaka 1915 iliiruhusu serikali kuwachukua kwa lazima. Waliokufa katika vita vile, kwa hesabu za serikali yenyewe, walizidi 40,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina la kikosi chao lililotafunwa na ndimi zetu mpaka likawa soko. Nairobi kuna sanamu ya mmoja wao, pamoja na askari wawili, na maandishi ya Kiingereza, Kiswahili na hati za Kiarabu. Hakuna jina la mtu.

Mlima Kasigau nao una habari yake. Mwaka 1915 Waingereza waliwashuku wakazi wake kwamba wamewasaidia Wajerumani. Vijiji vikachomwa, watu wakaswagwa hadi Malindi, nchi ya joto na mbu kwa watu waliozoea mlima, na wengi wakafia huko. Waliosalia walirudi baada ya miaka mingi. Wajukuu wao wapo, wanakumbuka, na wanaieleza habari hiyo kwa lugha yao. Nimewahi kuketi na mzee mmoja aliyenisimulia kituo kwa kituo, akitaja palipokuwa na maji na palipozikwa watu. Nilimuuliza mwezi na siku. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa bei ya mvua.

Sikumweleza kijana yule yote haya; kengele ililia. Nilimwambia tu kuhusu Jumamosi ile ya 1916, nikamwambia wiki moja tu baadaye Jenerali Smuts aliwasili Mombasa, na kwamba Taveta ilikombolewa Machi, mwezi mmoja baada ya kipigo. Akaniuliza, "Kwa hivyo hapo kwetu dunia nzima ilikuwepo?" Nikamwambia karibu: Waingereza, Wajerumani, Wahindi, Waafrika Kusini, watu wa Rhodesia, Wanyamwezi, Wakamba, Wataita.

Nilipomaliza mazungumzo na chama nikapita tena ubaoni. Alikuwa ameandika: "1916 – Mapigano ya Salaita, Taveta. Wapagazi pia walikuwepo." Ubao ni mdogo, kwa hiyo ilimbidi afute mtu. Puyi alibaki, Darwin na Lincoln walibaki, na Zambia hakuthubutu kuigusa. Alikuwa amemfuta Bill Russell. Nikamwambia huyo alishinda ubingwa mara 11 akiwa na Boston Celtics, na kwamba mimi nikiwa chuoni nilicheza kikapu.

"Pole, Mwalimu," akasema. "Kesho si bado ni Februari 12 mahali fulani? Nitamrudisha."