SEHEMU YA 4: Kwa nini watoto wote wanaimba wimbo mmoja? Historia ya vipindi vya watoto, kutoka redio ya bibi hadi simu ya mama

Wiki iliyopita tuliongea kuhusu chakula cha nyongeza, na wengi mkaniandikia jambo moja: mtoto hali mpaka awekewe katuni. Hilo haliishi kwa jibu la mstari mmoja. Ngoja tuanze mbali kidogo. Hivi vipindi vya watoto vimetoka wapi? Kwa nini kimoja kinapita hakuna anayekijua, halafu kingine kinavuma mpaka mtoto wa hapa Kikuyu na mwenzake wa Kariakoo wanaimba kitu kilekile?

Ni ndefu. Isome ukishamlaza mtoto.

1. REDIO ILIANZA

Waulizeni mama zenu na dada zenu wakubwa kuhusu "Mama na Mwana" ya Redio Tanzania Dar es Salaam. Ukitaja tu jina la Debora Mwenda utaona sura inabadilika, mtu mzima anakuwa mtoto. Ilikuwa sauti na hadithi tu, picha kila mtoto alijichorea mwenyewe kichwani. Na kwa sababu redio ya nyumbani ilikuwa moja na stesheni yenyewe ndiyo hiyo, watoto wa Dodoma, Songea na Bukoba walisikia hadithi ileile kwa wakati mmoja. Wakikutana shuleni wote wana cha kusimuliana, na ambaye kwao betri ziliisha anabaki kusikiliza tu.

Hapo ndipo pa kuanzia. Mtoto mmoja akipenda kipindi, hilo ni pendo lake. Kipindi kinavuma pale watoto wengi wanapokiona pamoja, na asiyekiona anajisikia yuko nje ya mchezo. Yaani nusu ya homa hii haipo kwenye kioo, ipo uani.

2. TV IKACHELEWA, IKAJA NA KATUNI ZA WATU

Zanzibar walipata televisheni mwaka 1974, tena ya rangi. Sisi wa bara tulisubiri miaka 20. Serikali ya wakati wa Mwalimu iliona TV ni anasa kwa nchi yenye mahitaji mengine, na ni mwaka 1994 ndipo vituo binafsi kama ITV vilipoanza kurusha matangazo.

Mliozaliwa miaka ya themanini na tisini mnakumbuka: mtaa mzima TV mbili tatu. Watoto wanajaa mlangoni kwa jirani, wengine wanachungulia dirishani, na mwenye nyumba akikasirika anafunga pazia. Vibanda umiza navyo vikaja. Katuni zilikuwa za nje na kwa Kiingereza, hatukuelewa maneno, tukafuata kukimbizana na kupigana. Tulipenda, ndiyo. Ila tuliyotoka nayo pale ni mateke zaidi kuliko maneno.

Halafu ving'amuzi. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam mwisho wa 2012, na Dodoma zamu yetu ilifika mwanzoni mwa 2013. Chaneli zikaongezeka, na nyumba zenye uwezo wa kulipia kifurushi zikapata chaneli za katuni saa 24.

3. WENZETU WALIGUNDUA NINI

Mwaka 1969 Marekani walianza kipindi kinaitwa Sesame Street. Mwanzilishi wake mkuu, Joan Ganz Cooney, alikuwa na swali moja: watoto wanakariri matangazo ya biashara ya TV neno kwa neno, je, hawawezi kukariri herufi na namba kwa njia hiyohiyo?

Kilichonivutia mimi ni jinsi walivyopima. Walimkalisha mtoto mbele ya TV yenye kipindi, pembeni wakaweka kioo kingine chenye picha zinazobadilika kila sekunde 7 na nusu. Mtafiti kazi yake ni kuandika: sasa anaangalia kipindi, sasa macho yamehama. Popote macho yalipohama, pale kipindi kilikuwa kibovu. Mtoto hakuulizwa kitu, macho yake yalitoa jibu.

Wataalamu walikuwa wameshauri watu na vikaragosi wasichanganywe, wakihofia mtoto atachanganyikiwa. Kwenye majaribio kabla ya kuanza kurusha, watoto walichoka kila ilipofika sehemu ya watu peke yao. Wakabadilisha, wakamweka yule ndege mkubwa wa njano mtaani katikati ya watu. Kipindi kipo mpaka leo.

Mwaka 1996 kikaja Blue's Clues. Hawa walifanya jambo ambalo mtu mzima angeliita uvivu: walirusha kipindi kilekile kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa. Watoto hawakuchoka, na kadiri siku zilivyokwenda walizidi kujibu maswali ya mtangazaji kwa sauti. Mwaka 1997 Uingereza wakaleta Teletubbies, ambamo kipande kikishaisha kinarudiwa palepale, chote. Wazazi walishangaa, watoto wakafurahi.

Hapa niseme kama nesi. Mtoto mdogo akisema "tena!" si ukaidi. Mara ya kwanza anaona rangi tu, mara ya tatu anaanza kujua nini kinafuata, mara ya kumi anakisema kabla hakijatokea. Kujua kinachofuata ni raha kubwa kwa mtu ambaye siku nzima anapangiwa kila kitu: kuoga, kula, kulala, kuchomwa sindano. Ndiyo maana hadithi ya bibi ileile kila usiku haimchoshi, na ukiruka sehemu anakurekebisha.

4. BIASHARA IKANUSA HARUFU

Kabla ya katuni ya He-Man kuanza 1983, midoli yake ilikuwa tayari dukani tangu 1982. Yaani katuni ilikuja kuuza midoli. Krismasi ya 1997 wazazi wa Uingereza walihangaika maduka kwa maduka kutafuta mdoli wa Teletubbies, umeisha.

Usicheke, sisi pia tupo humo. Pita Soko la Sabasaba au Majengo mwezi wa kwanza shule zinapofunguliwa, uone mabegi. Spider-Man, yule binti wa barafu wa Frozen, Ben 10. Wapo watoto wanaobeba picha ya katuni ambayo hawajawahi kuiona hata siku moja. Wanachojua ni kwamba wenzao wanayo. Na Ben 10 mwenyewe ametoka kwenye katuni mpaka ameingia midomoni mwa watu wazima, "kiben ten" nadhani sihitaji kuwaeleza!

Kwa hiyo mtoto akilia anataka begi lile na si hili, usidhani ana tabia mbaya. Kuna watu wazima waliokaa ofisini kupanga alilie lile.

5. NA SISI TUKAPATA VYETU

Mwishoni mwa miaka ya 2000 ndugu yake Sesame Street aliletwa Tanzania kwa jina la Kilimani Sesame: TV, redio na vitabu, kwa Kiswahili. Humo hawakufundisha herufi na namba tu, waliongelea malaria, chandarua na kuishi na mwenye VVU bila kumtenga. Watafiti walifuatilia watoto 223 wa mjini na vijijini kwa wiki 6, na waliokipata zaidi kipindi walionekana kujua zaidi, hata hayo ya malaria. Mtoto wa miaka minne, mama zangu! Sisi tunaongea chandarua kliniki mpaka sauti inakauka, na kikaragosi anafikisha ujumbe kwa wimbo.

Lakini leo ukipita mtaani husikii nyimbo za Kilimani Sesame. Kilifundisha vizuri, ila kuvuma ni jambo lingine.

Januari 2014 kikaanza Ubongo Kids, TBC1. Kimetengenezwa Dar es Salaam na kampuni ya Ubongo, iliyoanzishwa mwaka mmoja kabla na Nisha Ligon pamoja na wenzake Watanzania. Somo lenyewe ni hesabu na sayansi, vitu ambavyo wengi wetu tulivikimbia. Na kikavuma! Ukiangalia nilivyoeleza huko juu unaona kwa nini.

Kwanza, mlango ulikuwa wazi. Kilikuwa TV ya taifa, huhitaji kifurushi kikubwa. Na maswali ya kwenye kipindi mtoto aliweza kuyajibu kwa meseji ya simu, hata kitochi cha baba.

Pili, wanafanana nasi. Kiduchu, Kibena, Koba wana majina, nywele na utani wa hapa. Kiswahili chao ni cha mtoto anayecheza nje, si cha kitabu.

Tatu, nyimbo. Wimbo hauhitaji umeme. TV ikizimwa wimbo unabaki, unaenda kisimani, unaenda shuleni, unamfikia hata mtoto ambaye kwao hakuna TV. Hicho ndicho kipimo changu cha kipindi kinachovuma: watoto wanakicheza wakati hakipo.

Wadogo zaidi wakapata Akili and Me. Akili ni binti wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, na akilala anakwenda Lala Land kucheza na marafiki zake wanyama. Kule Morogoro zaidi ya watoto 500 wa awali walifanyiwa utafiti: baadhi walionyeshwa Akili and Me, wengine vipindi vingine, kwa wiki nne. Waliotazama Akili walisonga mbele zaidi kwenye kuhesabu, kutambua maumbo na kuchora. Vipindi hivi sasa vimevuka mipaka mpaka Kenya, Uganda na Rwanda, na vimetafsiriwa kwa lugha nyingine za Afrika.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, watoto wakakaa nyumbani mpaka mwisho wa Juni. Nyimbo za kunawa mikono zilifika sebuleni kabla ya sisi wahudumu kufika. Mtoto mwenyewe akawa anamkumbusha baba: bado, hujamaliza kusugua.

6. SIMU IMEBADILISHA KILA KITU

Sasa njoo kwenye simu. Baby Shark imetoka Korea Kusini mwaka 2016. Novemba 2020 ikawa video iliyotazamwa kuliko zote YouTube, na Januari 2022 ikawa ya kwanza kufika mara bilioni 10. Ukiichunguza haina jipya: marudio, wimbo mfupi, familia (mtoto, mama, baba, bibi, babu), na mikono ya kuchezesha. Ni yaleyale ya Teletubbies.

Kilichobadilika ni viwili. Zamani kipindi kilikuwa na mwisho: muda unaisha, taarifa ya habari inaanza, mtoto anatoka nje. YouTube haina taarifa ya habari. Video ikiisha nyingine inaanza yenyewe, na ya kumi inaweza kuwa kitu ambacho usingekiruhusu hata kwa mtoto wa jirani. Pili, zamani walitazama wengi kwa pamoja wakagombania nafasi, wakacheka, wakaigiza. Simu anashika mmoja, kimya.

Ndiyo maana narudi kwa lile la chakula. Mtoto anayelishwa huku anatazama anafungua mdomo bila kujua anakula nini wala kama ameshiba. Na lugha mtoto haipati kwa kusikia tu. Anaipata kwa kujibiwa: yeye anasema "ba", wewe unasema "ndiyo, baba anakuja". Katuni haimjibu, hata iwe nzuri vipi.

7. TUFANYE NINI

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo 2019. Chini ya mwaka mmoja: hapana skrini kabisa. Mwaka mmoja: bado haishauriwi kukaa mbele ya skrini. Miaka 2 mpaka 4: isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Muda wa kula na muda wa kulala viache bila skrini.

Najua maisha yenu. Najua mama uko peke yako, mkaa unawaka, nguo ziko kwenye beseni, na dakika 20 za katuni ndizo zinazokufanya upike. Sikuhukumu. Ninachokuomba ni hivi:

– Chagua wewe, usiichagulie simu. Kipindi cha Kiswahili chenye mwisho ni bora kuliko video zinazojiendesha. Pakua mbili tatu, zima bando, mwache arudie hizohizo. Kurudia kunamsaidia, umeshaona kwa nini.
– Angalia akimaliza. Kipindi kizuri kinamwacha anaimba, anauliza, anaigiza. Kama kinamwacha analia tu na kutaka kingine, hicho kiache.
– Imba naye. Hata kama sauti yako ni kama yangu.
– Mtoto wa miaka miwili ambaye hajaunganisha hata maneno mawili, au ukimwita hageuki, usisubiri na usiilaumu katuni peke yake. Mlete kliniki aangaliwe, masikio pia.

Watoto watapenda kitu kimoja wote kwa pamoja, ilikuwa hivyo kwa hadithi za redio na itakuwa hivyo kwa kitakachokuja mwakani. Hatuwezi kuizuia homa hiyo. Tunachoweza ni kuamua ipitie mlango gani nyumbani kwetu.

Niambieni hapa chini: wewe ulikua na kipindi gani, na wa kwako sasa anaimba nini? Sehemu ya 5 tutaongea usingizi wa mtoto, nikitoka zamu ya usiku Alhamisi.